Kibaba cha Askari: Kuibuni Dola ya Kikabaila Ukiwa Tanga

Miswada ya hadithi za kubuni ninayoletewa na vijana wanaoandika hapa Tanga inafanana kwa jambo moja: dola iliyomo ni ya kijeshi tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayelima. Mfalme amekaa katika ngome ya mawe, chini yake wamepangwa mabwana wenye bendera, chini ya mabwana hao wako wapanda farasi waliojifunika chuma toka utosini hadi visiginoni, na vita havikomi, masika na kiangazi. Chakula huonekana kwenye karamu tu, kikiwa kimekwisha kupikwa. Mkulima, akibahatika kutajwa, hupita njiani ameinamisha kichwa, kisha nyumba yake huchomwa moto ili shujaa apate sababu ya kulipiza kisasi.

Sina ugomvi na mazimwi wala uchawi. Hayo ni haki ya mwandishi. Ninachodai ni kwamba dola ya kubuni iwe na serikali, na serikali ya watu wa upanga, kabla ya kuwa na nyimbo na bendera, ni utaratibu wa kuutoa mtama katika shamba la mtu asiyepigana na kuufikisha katika chungu cha mtu asiyelima. Ninaijenga dola yangu mwenyewe kwa ajili ya hadithi ndefu, nayo nimeiita Ukingoni: ni milima yenye mvua, migomba na mashamba ya nafaka, na chini yake iko nyika kavu ambamo madubwana hutoka kila kiangazi wakapanda kuja kula mifugo na watu. Kwa kuwa adui hafanyi sulhu, jeshi nalo haliwezi kuvunjwa likarudi shambani, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Pwani hii ilikuwa na vipimo vyake kabla ya kilo: kibaba, pishi ya vibaba vinne, na jizla ya pishi sitini. Posho ya mpagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo au Pangani kwenda bara ilikuwa, kwa kawaida, kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani gramu 700 hivi. Nikimpa askari wa Ukingoni kibaba hichohicho, kwa mwaka mzima atakula pishi 91 na kibaba kimoja. Jeshi la watu 5,000, ambalo katika miswada ya vijana wangu ni kikosi cha kutangulia tu, litakula jizla zaidi ya 7,600, bila kuwahesabu wake, watoto, wafua vyuma na watumishi. Likishuka nyikani mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu nafaka lazima ibebwe. Mzigo wa mpagazi ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Akibeba nafaka tupu, naye akala humohumo pamoja na askari mmoja anayemhudumia, mzigo unakwisha katika wiki tatu. Na ukitaka mpagazi huyo arudi nyumbani akiwa hai, mwendo wa pamoja unapungua hadi wiki mbili, kisha askari anabaki huko bila punje. Mpaka wa dola ya namna hii huwekwa na ghala, na jemadari anayejitapa kwamba atayafuata madubwana hadi mwisho wa dunia hajawahi kuzungumza na karani wake.

Mfalme asiye na sarafu za kutosha kulipa mishahara ana njia moja iliyo nyepesi: badala ya kumletea askari chakula, humpeleka askari kwenye chakula. Humkabidhi vijiji kadhaa ale kwavyo, kwa sharti kwamba siku ya kuitwa atakuja na silaha zake na watu wake. Ukabaila wa kijeshi, ukiuvua mapambo yote, ni mpango huo tu, na umebuniwa mara nyingi katika nchi ambazo hazikuigana. Uingereza baada ya kutekwa na Wanormani, mpanda farasi aliyepewa ardhi alidaiwa, kwa desturi, siku 40 za utumishi kwa mwaka. Na mfalme wao, William, hakuridhika na viapo: mwaka 1085 aliagiza nchi ihesabiwe, na mwaka 1086 makarani wake walikwisha kuandika vijiji, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, vinu na malisho, ili ijulikane kila bwana anakula nini na anadaiwa nini. Katika dola ya Waosmani, sipahi, yaani mpanda farasi wa vita, aliyepewa timar hakumiliki ardhi. Alichopewa ni haki ya kukusanya mapato ya vijiji fulani, na asipofika vitani haki hiyo ilichukuliwa akapewa mwingine. Wahabeshi walitenganisha mambo mawili kwa namna iliyonipendeza zaidi: bwana alipewa gult, haki ya kula ushuru wa eneo, lakini rist, haki ya ukoo kulima ardhi ya mababu zao, ilibaki kwa wenyewe.

Nimeuchagua mtindo huo wa Uhabeshi kwa Ukingoni. Maakida wangu, ndivyo ninavyowaita makamanda waliokabidhiwa vijiji, hawawezi kumwondoa mkulima katika kihamba chake, lakini wanayo haki ya kuingia katika ghala lake. Uamuzi huo mmoja unabadilisha tabia ya nchi nzima. Ugomvi mkubwa hauwi tena juu ya mipaka ya ardhi, unakuwa juu ya fungu, na fungu hupimwa kwa chombo ambacho mtu anaweza kukishika mkononi.

Wazee wa pwani walitofautisha kibaba cha tele, kinachojazwa hadi nafaka ifanye kilima juu ya ukingo wa chombo, na kibaba cha mfuto, kinachopitishiwa kijiti juu ili kilichozidi kimwagike. Nimeiweka tofauti hiyo katikati ya serikali ya Ukingoni. Siku ya kutoa, wanawake wamepanga foleni mbele ya ghala la akida, vikapu viko vichwani, vumbi la mtama limewakaa kwenye nyusi. Karani amekaa juu ya kigoda, na mbele yake imewekwa pishi ya mti iliyochakaa mdomo kwa kusuguliwa. Anapokea kwa tele. Anaipigapiga pishi ubavuni kwa kiganja ili nafaka ishuke, kisha anaamuru ijazwe tena hadi kilima kisimame. Mwezi unaofuata askari wakija kuchukua posho, karani yuleyule anatoa kwa mfuto, na kijiti chake kimenyooka kama uzi. Kilichopo kati ya kilima na kijiti hakiandikwi popote, nacho ndicho kinachojenga nyumba ya karani, kinachomnunulia akida mke wa tatu, na kinachomfanya askari aliyerudi kutoka nyikani na jeraha la ukucha wa dubwana aanze kujiuliza adui yake hasa ni nani. Mwandishi akiwa na pishi moja kama hiyo hahitaji tena waziri mwovu mwenye ndevu nyeusi.

Sasa farasi. Vijana wananiuliza kwa nini Ukingoni haina farasi, na jibu langu ni mbung'o. Sehemu kubwa ya nyika iliyo nyuma ya Mrima, yaani pwani hii, ilikuwa nchi ya mbung'o, na farasi au ng'ombe aliyepitishwa huko alikuwa akihesabiwa kuwa amekwisha kufa. Ndiyo sababu biashara yote ya bara ilipita juu ya mabega ya watu. Farasi wa vita na mavazi ya chuma vilikuwa vitu vya gharama mno, na gharama hiyo ndiyo iliyomfanya mpanda farasi wa Ulaya kuwa tabaka la pekee, kwa sababu mkulima wa kawaida hangeweza kuvipata hata angeuza kila alichonacho. Ukiondoa farasi, lazima useme ni kitu gani kingine kinachomtenga askari na mkulima. Mwenye mkuki tu hana cha kumzidi mkulima mwenye panga na jirani kumi.

Kwa Ukingoni nimetumia magamba. Ngozi ya madubwana ina magamba ambayo mkuki wa chuma hauyapenyi, na vazi lililoshonwa kwa magamba hayo ndilo linalomfanya mtu awe askari mbele ya sheria. Kwa hiyo swali la serikali linakuwa: dubwana akiuawa, magamba ni ya nani? Hapa sikuhitaji kubuni sana. Katika tawala nyingi za bara, tembo akianguka, pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ya mwenye nchi, na ya pili ya mwindaji. Ukingoni imekwenda mbali zaidi: magamba yote ni ya mfalme, hupelekwa mjini kwake, huhesabiwa, kisha hurudishwa kwa maakida kwa mkono wake mwenyewe katika sherehe ya kila mwaka. Anayeficha gamba moja chini ya kitanda amefanya uhaini, hata kama ndiye aliyemuua dubwana huyo kwa jasho lake. Japani mwaka 1588, Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe panga, na watu wake wakapita vijijini kuzikusanya. Tangu hapo mstari kati ya anayelima na anayepigana uliwekwa na serikali, haukuachiwa tena bahati ya mtu. Sherehe ya magamba inafanya kazi hiyohiyo, ila ngoma inapigwa na watu wanakwenda wenyewe.

Jambo lililonichukua muda kuliko yote ni warithi. Askari akifa, vijiji alivyokuwa akila vinakwenda kwa nani? Mfalme anataka virudi kwake avigawe upya. Mtoto wa marehemu, aliyekulia humo na kujulikana na kila mtu, anataka viwe vya baba yake. Kila dola ya aina hii imehangaika na swali hilo. Wamughali wa India walikuwa wakiwahamisha mabwana kutoka eneo moja hadi jingine ili wasiote mizizi, na matokeo yake anayejua kwamba ataondoka karibuni huwakamua watu bila kujali mwaka ujao. Wamamluki wa Misri walikwenda upande mwingine: askari aliletwa akiwa mtumwa kijana kutoka mbali, akafundishwa, akaachwa huru, akapata cheo, lakini mwanawe aliyezaliwa Misri hakutarajiwa kuingia katika safu hiyo. Watokugawa wa Japani mwaka 1635 waliifanya kuwa sheria rasmi kwamba kila daimyo, bwana wa jimbo, akae Edo, mji wao mkuu, kwa zamu, na anaporudi kwake amwache mkewe na mrithi wake mjini. Gharama za nyumba mbili na misafara ya kwenda na kurudi ziliwamaliza nguvu mabwana hao hata kabla hawajawaza uasi.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi unaonekana kwa macho siku ya hewa safi ukitazama magharibi kutoka njia ya Muheza. Kwa simulizi za Wakilindi wenyewe, ukoo uliotawala Usambara, Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ngulu aliyefika Usambara akiwa mgeni, akaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mazao, akagawa nyama, akaamua kesi, na watu wa Vuga, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa makao ya wafalme, wakampa nchi. Alioa sehemu mbalimbali, na wana waliozaliwa wakawa watawala huko walikokuwa wajomba zao. Huo nao ni mpango wa serikali, tena wa busara: mtawala wa eneo ni damu ya mfalme kwa baba, na kwa mama ni mpwa wa wale anaowatawala, kwa hiyo akiwakamua kupita kiasi atakuwa anawakamua wajomba zake. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambaye neno lake lilisikilizwa mbali na milima yake, kuelekea pwani hii yetu, na wanawe walikuwa wamekaa katika maeneo kama watawala wadogo.

Kasoro ya mpango huo haionekani mpaka mfalme afe. Kimweri alifariki mwaka 1862, na aliyeshika kiti alikuwa mjukuu wake, Shekulwavu. Ghafla watawala wa maeneo hawakuwa tena wana wa mfalme, walikuwa baba zake wadogo na wakubwa, watu wazima waliomwona akijifunza kutembea. Mfalme mpya alihitaji nafasi kwa ajili ya watu wake. Baba zake hawakuona kwa nini waondoke. Undugu uliokuwa ukiifunga nchi pamoja ndio uliogeuka kuwa sababu ya kupigana.

Kwa Ukingoni nimechanganya Vuga na Edo. Akida hutoka kwa mama wa eneo lenyewe, lakini mtoto wake wa kwanza hupelekwa mjini kwa mfalme akiwa na umri wa miaka saba. Nimemwandika mmoja anavyofika langoni: ana mkeka uliokunjwa, kibuyu cha samli alichopewa na bibi yake amkabidhi mke wa mfalme, na jino la mbele halipo. Mlinzi anamuuliza jina la mama yake, halafu la mjomba wake, wala hamuulizi jina la baba, kwa sababu dhamana ya mtoto huyo iko kwa wajomba. Miaka inavyopita watoto hawa wanajuana kuliko wanavyowajua wazazi wao, wanacheza bao pamoja, wanaoa dada za wenzao. Mfalme anadhani ameshika mateka. Kumbe amefungua shule ya maakida wa kesho, ambao watakubaliana mambo yao bila yeye.

Kuhusu wakulima, mwandishi anayeiga hadithi za ugenini huwafunga kwenye ardhi kwa neno la sheria na kuendelea na safari yake. Huku kwetu sheria ya namna hiyo ingehitaji maelezo. Kwa karne nyingi ardhi ilikuwa tele na watu ndio waliokuwa haba, na mtawala aliyezidisha ukali aliamka asubuhi akakuta vibanda vitupu, moto umezimwa, watu wamehamia kwa jirani yake. Hata watumwa walikimbia na kuanzisha vijiji vyao, kama Fuladoyo nyuma ya pwani ya Kenya. Mashamba ya mkonge ya mkoa huu yaliwaleta manamba kutoka mikoa ya mbali kwa sababu wenyeji waliokuwa na mashamba yao hawakuona faida ya kukata mkonge wa mtu mwingine. Kwa hiyo ukitaka watu wakae chini ya akida anayepima kwa tele, lazima kuwe na kitu kinachowazuia wasiondoke.

Ukingoni kitu hicho ni madubwana. Nyika inayoizunguka milima ndiyo ukuta wa gereza, na Usambara nayo ilikuwa na hali iliyokaribia hiyo, kwa kuwa mlimani kulikuwa na mvua na usalama, na nyikani kulikuwa na homa, ukame na wavamizi wa mifugo. Nilipoliona hilo, hadithi yangu ilipinduka. Mfalme anayeishi kwa vita dhidi ya madubwana hana haja ya kuvimaliza. Siku nyika itakapokuwa salama, mkulima atashuka akalime bondeni ambako hakuna ghala la akida, magamba yatakuwa adimu, sherehe itakosa cha kugawa, na jeshi litakuwa kundi la watu wenye njaa wasiojua kushika jembe. Basi kila mwaka huuawa madubwana wa kutosha kuvalisha maakida, na huachwa hai wa kutosha kuwatisha wakulima. Hakuna mkutano wa siri ulioamua hivyo. Kila mtu anatimiza wajibu wake kwa uaminifu, na jumla ya wajibu hizo ndiyo inayoleta matokeo hayo.

Wala wakulima si mabubu. Wasambaa walikuwa na fikra iliyo wazi kuhusu siasa: mfalme anaweza kuiponya nchi au kuiharibu, na ushahidi ni mvua. Akiwapo mmoja mwenye nguvu, mali ya nchi ni mali yake, naye ana sababu ya kutaka inawiri. Wakishindana wawili, kila mmoja ana sababu ya kuiharibu kabla mwenzake hajaifaidi, na njaa inafuata. Mtu anaweza kulicheka jambo la mvua akitaka, lakini asikose kuona kwamba ndani yake mna hoja kamili ya utawala. Nimewapa wakulima wa Ukingoni hoja hiyo, nao huisema waziwazi kwenye baraza, mbele ya akida, kwa lugha ya mawingu.

Vuga haikuangushwa na adui kutoka nyikani. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara, na kilichomfikia hapo hakikuwafikia ndugu zake waliobaki juu: bunduki na baruti zilizolipwa kwa pembe na watumwa. Mfumo wa mlimani ulitegemea ushuru wa chakula na mifugo. Mtu wa barabarani hakuhitaji ushuru huo tena. Kabla ya muongo wa 1860 kumalizika Vuga ilikwisha kushambuliwa, mtoto wa Semboja amewekwa kwenye kiti, na Wabondei, majirani waliokuwa chini ya Vuga, wamewafukuza Wakilindi katika nchi yao katika uasi ulioitwa Kiva. Baada ya hapo alikuja askari wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alishuka pwani na jeshi la Wasudani walioandikishwa Misri na watu waliotoka Msumbiji, wote wakiwa wa mshahara, wasio na kijiji cha kula wala mjomba wa kumwonea haya. Desemba ya mwaka huohuo Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, alinyongwa Pangani.

Ukingoni nayo itakwenda njia hiyo. Mmoja wa wale watoto waliocheza bao pamoja atapewa kituo cha chini, mahali ambapo wafanyabiashara wa ng'ambo wamepata njia ya kupita kati ya madubwana, nao watamletea mavazi yasiyoshonwa kwa magamba na askari wanaolipwa kwa mwezi. Nimeihamisha hadithi kutoka kwa mfalme nikampa karani wa ghala aisimulie. Wajerumani, walipokwisha kuwashinda watawala wa pwani, waliendelea kuwatumia maakida na majumbe kukusanya kodi, na watawala wapya wa Ukingoni watakapofika watamtafuta karani huyu kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndiye anayejua kila kijiji kinatoa pishi ngapi, na ndiye anayejua zinapimwa kwa tele au kwa mfuto.